Kumwuguza Mtu Asiyetazamiwa Kupona

Wasomaji wetu wa Tabora, na wa Urambo na Nzega na Igunga, waijua njia ya zamani. Ilianza pwani Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora. Na hapo ikagawanyika, tawi moja likaenda Ujiji penye Ziwa Tanganyika, na jingine likaelekea kaskazini hata Buganda. Miembe ya kale ingali imesimama mahali pengi palipokuwa na makambi. Watu maelfu walipita chini yake, wengine na mizigo ya nguo na shanga na pembe za ndovu, wengine wamefungwa minyororo. Leo twataka kusema habari za wale walioshindwa kwenda mbele.

Msafara haukungoja mtu. Mpagazi aliposhikwa na ndui au tumbo la kuhara damu, mara nyingi mzigo wake aliongezewa mwenziwe, naye mwenyewe akaachwa kando ya njia. Hatusemi ya kuwa wenziwe walikosa huruma. Chakula na maji ya kambini havikutosha siku nyingi, na aliyebaki nyuma peke yake aliweza kukamatwa. Tena wazee wetu walijitafutia dawa ya jambo hili, nayo ni utani. Mnyamwezi aliyeugua mbali na kwao aliweza kupata kwa watani wake mahali pa kulala na maji ya kunywa, na akifa, mikono ya kumzika. Mpaka leo watani huonekana msibani, na vijana hudhani ya kuwa kazi yao ni mzaha tu.

Twaanza na habari hizi kwa sababu ya neno moja. Siku hizi hospitali nyingi husema juu ya hospisi, na waganga wa serikali hutumia jina la huduma shufaa. Neno hospisi asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya kuwapokea wageni na wasafiri waliochoka. Basi si neno geni sana kwa watu wa njia ya Ujiji. Maana yake sasa ni utunzaji wa mtu ambaye ugonjwa wake hauponyeki tena, pamoja na utunzaji wa jamaa zake, ili asiteswe na maumivu wala asiachwe peke yake.

Mfano ulio karibu nasi kabisa ulianzia Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, ambapo leo pana tembe iliyojengwa upya nayo huonyeshwa wageni. Tarehe 25 Agosti 1872 David Livingstone aliondoka hapo kwenda kusini, pamoja na watu ambao wengi wao walikuwa wameletwa kwake kutoka pwani. Miezi minane baadaye, upande wa kusini wa Ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo sasa Zambia, alikuwa hawezi kutembea wala kupanda punda, damu zikimtoka. Wote waliona ya kuwa haponi.

Watu hawa hawakuwa na elimu ya uganga, wala dawa ya kuponya, lakini tutazame walivyofanya. Walimtengenezea kitanda cha miti wakamchukua mabegani, wakisimama kila alipoomba. Walipofika penye mto, kumwinua kulimwumiza mno. Basi Chuma aliinama chini kabisa, mgonjwa akaifungamanisha mikono yake kisogoni mwa Chuma, huku akimwonyesha jinsi ya kumwinua pasipo kukibana kiuno. Angalieni neno hili, ninyi mnaowageuza wagonjwa vitandani: mgonjwa ndiye aliyekuwa mwalimu, na mwenye nguvu alifuata. Katika kijiji cha Chitambo walimjengea kibanda, wakainua kitanda juu ya ardhi kwa fito na majani, wakaweka sanduku karibu naye liwe meza. Usiku aliuliza kwa Kiswahili ni siku ngapi kufika mto wa Luapula. Susi hakumkemea ya kuwa hatasafiri tena, wala hakusema ya kuwa ni karibu, kesho watafika. Alimjibu kwa upole ya kwamba adhani ni siku tatu. Kisha akamchemshia maji, akamletea sanduku la dawa, akamshikia mshumaa.

Lakini liko kosa moja katika usiku ule, nasi twalitaja kwa kuwa latukia katika nyumba zetu hata sasa. Aliyewekwa ndani kumlinda bwana alikuwa kijana mmoja, Majwara. Alishikwa na usingizi. Na kabla ya mapambazuko alikwenda kumwita Susi akitetemeka, maana hakujua kama bwana yu hai au amekufa. Walipoingia walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, naye amekwisha kufa. Ilikuwa mwanzo wa Mei 1873. Hatumlaumu kijana. Walinzi wa usiku yafaa wawe wawili.

Habari za baadaye zajulikana: waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma maombi, na mwezi wa Oktoba wakawasili Tabora na mzigo wao. Mwingereza Cameron aliyekuwako aliwashauri wauzike mwili papo hapo; wakakataa, na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Utaratibu wa hospisi za siku hizi uliwekwa Uingereza na Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kwanza, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya St Christopher's huko London. Alifundisha ya kuwa maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini tu. Yako pia katika hofu yake, katika deni asilolipa, katika ugomvi na ndugu, na katika maswali yake mbele za Mungu. Katika Afrika ya Mashariki hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na ya Uganda mwaka 1993 kwa kazi ya daktari Anne Merriman. Katika kanisa letu la Kilutheri kazi hii ilianza mwaka 1999 katika hospitali ya Selian, karibu na Arusha, kisha ikaenea katika hospitali nyingine za kanisa. Mtu asidhani ya kuwa ni jengo lenye vitanda vingi. Mwuguzi huenda nyumbani kwa mgonjwa, na pamoja naye mchungaji au mwinjilisti, na watu wa usharika waliofundishwa kazi. Kwa sababu hii twaandika habari zake hapa: sehemu kubwa ya kazi hii yaweza kufanywa na wasomaji wa gazeti hili.

Sasa tuseme juu ya maumivu, maana mgonjwa anayelia kwa uchungu hasikii sala wala neno la faraja. Iko dawa iitwayo mofini. Nyingi hutolewa kama maji ndani ya chupa, nayo hunywewa. Watu huiogopa mno. Wengine husema ya kuwa yaharakisha kifo. Wengine ya kuwa mgonjwa atakuwa kama mlevi wa bangi. Mganga akiipima vema, mofini haimwui mgonjwa, na yule anywaye kwa ajili ya maumivu ya saratani hafanani na mtu aitafutaye kwa anasa. Hunywewa kwa saa zake, mara nyingi kila baada ya saa nne, wala haingojewi mpaka maumivu yarudi. Maana maumivu yaliyokwisha kuwaka ni kazi kuyazima. Siku za kwanza mgonjwa aweza kusinzia sana. Tena dawa hii hufunga choo, kwa hiyo mwulizeni mganga tangu siku ya kwanza dawa ya kulegeza tumbo. Jamaa wasijiongezee kipimo kwa akili zao. Huko Uganda tangu mwaka 2004 sheria yawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hii kuandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Sisi tulio mbali na miji twalitamani jambo hili.

Mengine ni madogo, lakini kwa mgonjwa ni makubwa. Kinywa kikauke kisiachwe. Kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo. Ageuzwe kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo. Asiyetaka kula asilazimishwe uji, maana aweza kupaliwa. Mwili unaokufa haukihitaji chakula kama zamani, na mama mzazi hana budi kuambiwa neno hili kwa upole, la sivyo atadhani mwanawe afa kwa njaa. Kidonda cha saratani kikitoa harufu, mwuguzi aweza kukinyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo, na harufu hupungua. Harufu ndiyo iwafukuzayo wageni, kisha mgonjwa hudhani amechukiwa.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Tulikwenda kumtembelea mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaowashika wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine. Tulikuwa watu kumi na wanne pamoja na kwaya. Tuliimba, tukasoma, tukaomba mmoja baada ya mwingine, nasi tukatoka tumefurahi. Baadaye tulijua ya kuwa binti yake alisimama nyuma ya mlango muda ule wote, na beseni la maji mkononi, akingoja tuondoke apate kumsafisha mama yake. Hatukumwuliza mmoja wao kama tukae au twende. Tangu siku ile twaenda wawili, twaketi, na kwanza twamwuliza mwenye kuuguza amelala saa ngapi. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu njema ya kazi yao; waliharibu walipoanza kunena.

Liko swali gumu ambalo wainjilisti hutuuliza: je, mgonjwa aambiwe? Desturi ya nyumba nyingi ni kumficha. Jamaa huuza ng'ombe, humpandisha garimoshi au basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, hata pale ambapo madaktari wamekwisha kusema ya kuwa tiba haipo tena. Hatusemi watu wasiende. Ocean Road huko Dar es Salaam na Bugando huko Mwanza hutibu saratani, na aliyewahi mapema aweza kupona. Twasema juu ya yule ambaye safari itamla siku zake za mwisho na mali ya watoto wake. Mwulizeni yeye mwenyewe kwanza anajua nini, na ataka kujua nini. Mara nyingi mtaona ya kuwa amejua zamani, naye ananyamaza ili asiwahuzunishe ninyi, kama ninyi mnavyonyamaza kwa ajili yake. Mfalme Hezekia aliambiwa wazi atengeneze mambo ya nyumba yake. Naye mtu wa Tabora ana shamba, ana mizinga ya nyuki, ana deni la tumbaku, ana mke ambaye shemeji zake waweza kumfukuza kabla majani ya kaburini hayajaota. Wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi angali na akili zake ni sehemu ya kumwuguza. Watoto nao wasifukuzwe kwa jirani pasipo neno. Mtoto aliyefichwa hujitungia habari za kutisha kuliko kweli.

Usharika ukipenda kuanza, hauhitaji fedha nyingi. Daftari moja yatosha, yenye majina ya watu wa zamu: nani atalala usiku, wawili wawili, nani atachota maji na kuleta kuni, nani atamrudishia mwuguzi chupa ya mofini iliyobaki, maana haitupwi wala haipewi jirani. Tena iandikwe tarehe moja ya mwezi wa pili baada ya maziko. Siku za msiba nyumba hujaa watu. Lakini mwezi wa pili turubai limekwisha kuondolewa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na aliyekuwa akiamka usiku kumpa mgonjwa dawa angali aamka saa ile ile, wala hana wa kumpa. Katika usharika wetu mzee mmoja wa kanisa huitazama tarehe hiyo, akaenda.