Dakika Arobaini za Ndege

Tuseme unakaa Handeni. Umepata simu kwamba mdogo wako amelazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Unataka kufika upesi. Jirani anakuambia: "Uza mbuzi, panda ndege. Kutoka Tanga ni dakika 40 tu."

Je, jirani amesema kweli? Tupige hesabu kabla mbuzi hajauzwa.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita 350. Kwa ndege ni karibu kilomita 200. Mbona zimepungua? Barabara inatoka Tanga kuelekea magharibi mpaka Segera, ndipo inageuka kwenda kusini. Ndege haizunguki. Inafuata pwani moja kwa moja.

Ndege ndogo ya abiria huenda karibu kilomita 300 kwa saa. Ukitaka kujua muda wa safari, gawanya umbali kwa mwendo. Chukua 200, gawanya kwa 300. Utapata theluthi mbili za saa, yaani dakika 40. Basi jirani hakudanganya.

Lakini wewe huko Tanga. Uko Handeni, na ndege ya kukupeleka unaipandia Tanga. Kwanza utakwenda Korogwe, kilomita 65 za lami, kisha Segera na Muheza mpaka Tanga. Jumla ni zaidi ya kilomita 150. Basi likienda kilomita 50 kwa saa, pamoja na kusimama vituoni, ni saa 3. Uwanjani lazima ufike mapema, tuseme saa 1 kabla ya ndege kuondoka. Ukishuka Dar es Salaam, uwanja uko mbali na Muhimbili, na foleni ya magari unaijua. Weka saa 1 nyingine.

Sasa jumlisha:

Handeni hadi Tanga: saa 3
Kungoja uwanjani: saa 1
Angani: dakika 40
Uwanjani hadi hospitali: saa 1
Jumla: saa 5 na dakika 40

Tutazame basi. Kutoka Handeni unapita Mkata, kilomita 54, unaingia barabara kuu, unapita Chalinze mpaka Dar es Salaam. Safari nzima haizidi kilomita 300. Gawanya 300 kwa 50. Ni saa 6.

Tofauti ni dakika 20! Na hapo hatujahesabu kwamba ndege huondoka kwa ratiba yake. Ukifika Tanga nayo imekwisha ondoka, utalala huko. Mabasi ni mengi zaidi. Uliza pia kama ndege inakwenda moja kwa moja, au inatua Pemba au Unguja njiani.

Mwenzako wa Korogwe ana hesabu nyingine, maana yeye yuko karibu zaidi na Tanga.

MASWALI

1. Basi la Handeni likienda kilomita 50 kwa saa, litafika Korogwe baada ya muda gani?
2. Korogwe hadi Tanga ni saa 2 kwa basi. Mtu wa Korogwe atafika hospitali kwa ndege baada ya saa ngapi?
3. Uliza nauli ya basi na nauli ya ndege. Ziandike katika daftari lako. Je, ungemuuza mbuzi?