Ada zimefutwa, mbona pengo la kipato bado lipo?

Ilemela ilipata hadhi ya manispaa mwaka 2012, Jiji la Mwanza lilipogawanywa. Ndani yake kuna mwalo wa Kirumba, maarufu kwa dagaa, na kata za mwambao kama Kayenze na Sangabuye. Haya ni majibu ya kitaalamu kwa maswali ambayo wazazi wa huko huuliza.

Shule ni bure. Kwa nini watoto bado wanaachana njiani?

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi. Juu ya hivyo kuna gharama isiyoandikwa popote: fedha ambayo mtoto angeleta nyumbani kama angekuwa kazini.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na kukipambazuka huanikwa. Kijana akisaidia kuvuta nyavu au kuanika, jioni ana chochote mfukoni. Shule humlipa baada ya miaka. Mwenye mtumbwi anaweza kumsubiri mwanawe asome. Mvuvi anayepokea mgao baada ya mafuta na gharama nyingine kukatwa, mara nyingi hawezi.

Lakini wapo matajiri wa samaki walioishia darasa la saba!

Wapo, ila wengi wao wana mtaji: mtumbwi, injini, nyavu. Asiye na mtaji hutegemea ujuzi wake. Katika kiwanda cha minofu ya sangara, fundi wa majokofu, mkaguzi wa ubora na mhasibu huulizwa vyeti. Mpakiaji huulizwa nguvu tu, naye hulipwa kibarua.

Wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za nchi nyingi, walikadiria mwaka 2018 kwamba kila mwaka wa shule huongeza kipato kwa wastani wa asilimia 9 hivi. Kusini mwa Sahara, faida kubwa zaidi iko chuo kikuu. Kwa hiyo darasa la saba likishakuwa la wote, pengo huhamia ngazi za juu.

Nani anakwama huko juu?

Kwanza, aliyesoma msingi kwa Kiswahili kisha akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza, huku mwenzake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza amekizoea tangu utotoni. Pili, msichana aliyepata ujauzito. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, lakini anahitaji mtu wa kumlelea mtoto.

Kipi kinaweza kupunguza pengo?

Chakula cha mchana shuleni, kwa sababu humpunguzia mtoto sababu ya kushinda mwaloni. Mafunzo ya ufundi, kama yanayotolewa na VETA pale Mwanza, kwa waliokosa nafasi ya kidato cha tano. Kwa watu wazima, ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha waanika dagaa kinachoiomba hudaiwa katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Kisomo cha watu wazima kikifundisha kujaza nyaraka hizo, mikopo itawafikia hata wasiomaliza shule.