Kuhamisha Seva za Majina Bila Kufunga Duka

Watu wengi hudhani kwamba tovuti ikihamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, hapana budi wateja waikose kwa siku moja au mbili. Jambo hili si kweli. Katika makala haya nataka kueleza taabu hiyo yatoka wapi na jinsi ya kuiepuka. Hapa kwetu Bungu wazazi hutafuta fomu za shule kwa simu. Mzazi aliyenunua kifurushi cha siku moja akikuta tovuti haifunguki, fedha yake imekwenda bure.

Kwanza tufahamu seva ya majina ni nini. Kompyuta hazitafutani kwa majina bali kwa namba. Zamani majina yote na namba zake yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa California, Marekani. Orodha ilipokua mno, mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris alibuni utaratibu unaotumika hata leo: kila jina lina seva zake za kujibu maswali juu ya jina hilo. Hapa Tanzania majina yaishiayo na .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ya biashara huishia na .co.tz, na ya shule .sc.tz. Ukitaka kubadili seva za jina lako, wakala aliyekusajilia ndiye unayemwendea.

Sasa taabu yatoka wapi? Yatoka katika kukumbuka. Tuseme fundi cherehani wa sokoni amehamia upande wa pili wa barabara. Mtu wa Mombo aliyeelekezwa jana hataulizia tena leo. Atakwenda palepale pa zamani. Kadhalika kampuni ya simu ikishauliza namba ya tovuti, huikumbuka kwa muda uliopangwa kwa sekunde. Sekunde 86,400 ni siku nzima. Kwa majina ya .com, habari za seva zinazojibu huweza kukumbukwa kwa sekunde 172,800, yaani siku mbili, na mwenye jina hana uwezo wa kuupunguza muda huo. Kwa hiyo siku ya kuhama, mteja mmoja huelekezwa kwa zamani na mwingine kwapya. Wa kwanza akikuta pamefungwa, hakupigii simu kulalamika. Huenda kununua kwa mwingine.

Likizo iliyopita nilimsaidia binamu yangu wa Korogwe mjini, ambaye kazi yake ni kutunza tovuti, kuhamisha tovuti ya duka la vipuri. Kanuni yake ni moja: usihamishe majina na nyumba siku moja. Tulifanya hivi:

1. Tuliandika kumbukumbu zote za jina lile: namba ya tovuti na pia mahali pa kupokea barua pepe. Wengi husahau barua pepe.

2. Tuliziingiza zote katika seva mpya za majina bila kubadili hata moja, zikielekeza bado kwenye nyumba ya zamani. Kisha tuliziuliza seva mpya moja kwa moja, tukalinganisha majibu yake na ya zile za zamani.

3. Hapo ndipo tulipobadili seva kwa wakala. Za zamani hatukuzizima. Mteja aliyeuliza huku na aliyeuliza kule walipata jibu lilelile, wala hakuna aliyepotea.

4. Siku mbili zilipopita, tulipunguza muda wa kukumbuka namba ya tovuti kutoka sekunde 86,400 hadi 300. Tulingoja siku nzima, ili waliokumbuka kwa muda mrefu wasahau.

5. Usiku, wateja wakiwa wachache, tulisimamisha kwa muda kupokea oda, tukanakili tovuti kwenye nyumba mpya, tukabadili namba. Bila kusimamisha, oda ingeweza kuandikwa katika nyumba ya zamani ikabaki huko. Baada ya dakika tano wateja walianza kufika kwapya, na ya zamani tukaiacha wazi kwa juma moja.

Jambo moja la hadhari: kama jina limetiwa muhuri wa usalama uitwao DNSSEC, muhuri wa zamani uondolewe mapema kwa wakala, na muda wake wa kukumbukwa uishe kabla ya kubadili seva. Usipofanya hivyo, majibu ya seva mpya yatakataliwa kama ya mwongo.

Mwaona basi kwamba kazi kubwa si kubadili, bali ni kungoja kwa mpango. Kulipia nyumba mbili kwa majuma mawili ni gharama ndogo kuliko kumpoteza mteja.

Zoezi: Namba ya tovuti hukumbukwa kwa sekunde 14,400. Ikibadilishwa saa mbili usiku, ni saa ngapi ambapo hapatakuwa na anayekumbuka ya zamani? Asemaye saa sita usiku amepata.