Mabao Hupatikanaje? Somo juu ya Safu ya Mbele

Ligi kuu ya mpira wa miguu ya Kenya ilipomalizika mwezi wa Juni mwaka 2022, timu mbili zilikuwa na pointi sawasawa, 63 kila moja. Ya kwanza ilikuwa Tusker ya Nairobi, na ya pili Kakamega Homeboyz, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni Bukhungu. Homeboyz haikuwa imepata ubingwa huo hata mara moja, na safari hii iliukosa si kwa pointi bali kwa tofauti ya mabao.

Tofauti ya mabao ni hesabu rahisi. Huchukuliwa mabao yote ambayo timu imefunga katika msimu, yakatolewa yale iliyofungwa, na kinachobaki ndicho kinachotazamwa pointi zikilingana. Kwa hiyo timu iliyoshinda kwa bao 1 kwa 0, hali ingaliweza kushinda kwa 3 kwa 0, imepata pointi zake tatu kamili, lakini imeacha mabao mawili uwanjani, nayo yaweza kuja kudaiwa mwisho wa mwaka. Ni kweli kwamba hesabu hiyo huwahusu walinzi pia, maana bao lililozuiwa lina thamani sawa na bao lililofungwa. Lakini wapenzi wa mpira hawagombani sana juu ya mabeki. Wakikutana sokoni, au ndani ya gari la Mumias, wao hugombana juu ya mafowadi.

Ugomvi huo una pande mbili. Wa upande mmoja husema kwamba dawa ya timu isiyofunga ni kutafuta senta-fowadi hodari, hata kama bei yake ni kubwa, na kumweka mbele ya lango. Wa upande wa pili husema kwamba senta-fowadi ni mtu wa mwisho katika kazi ndefu, na kwamba timu isiyofunga haina budi kutazama kwanza kazi hiyo inaharibikia wapi. Hoja ya kwanza si ya kudharauliwa. Allan Wanga, aliyepata kuichezea timu ya taifa na timu za nchi za nje, aliwahi kuvaa jezi ya Homeboyz, na wenyeji wa Bukhungu wanajua mtu wa namna hiyo ana faida gani: hupata bao katika nafasi ambayo wengine hawaioni kuwa ni nafasi.

Hata hivyo yafaa kukumbuka yaliyotokea msimu wa 2022/23. Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga mabao 27, akaivunja rekodi ya Maurice Ochieng, aliyejulikana kwa jina la Sonyi, ambaye alifunga 26 kwa ajili ya Gor Mahia mwaka 1976. Rekodi hiyo ilikuwa imesimama kwa miaka 47. Basi ingedhaniwa kwamba timu yenye mfungaji kama huyo ilitwaa ubingwa, kumbe sivyo. Ubingwa wa msimu ule ulikwenda kwa Gor Mahia. Mfungaji mmoja, hata akiwa bora kuliko wote waliomtangulia, hawezi kufanya kazi ya safu nzima.

Jambo hili lilikwisha kujulikana zamani katika nchi nyingine. Hadi mwaka 1925 sheria ya kuotea ilitaka wachezaji watatu wa adui wawe kati ya mshambulizi na mstari wa goli wakati anapopelekewa mpira. Mwaka ule wakapunguzwa kuwa wawili. Mabao yakaongezeka sana Uingereza, na ili kuyazuia, sentahafu akarudishwa nyuma kuwa beki wa tatu, kazi yake kumfuata senta-fowadi popote aendapo. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba mambo yamekwisha hapo. Halafu tarehe 25 Novemba 1953 timu ya Hungary ikaja Wembley ikaifunga Uingereza mabao 6 kwa 3. Hidegkuti, aliyevaa namba ya senta-fowadi, hakukaa mbele hata kidogo, bali alirudi nyuma kupokea mpira katikati. Sentahafu wa Uingereza akawa hajui la kufanya: akimfuata, anaacha pengo mbele ya lango, asipomfuata, yule yu huru. Hidegkuti alifunga matatu. Hapakuwa na ajabu yoyote katika miguu yake isiyokuwamo katika miguu ya wengine wengi. Ajabu ilikuwa mahali aliposimama, na wenzake waliojua kuliingia pengo aliloliacha.

Wazee wa Kakamega na Vihiga hawahitaji kwenda Wembley kutafuta mfano. Joe Kadenge, aliyefariki mwezi wa Julai mwaka 2019, aliichezea Maragoli United na baadaye Abaluhya, timu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo leo ni AFC Leopards. Sifa yake kubwa ilikuwa chenga, na jina lake lilitangazwa redioni mara nyingi hata maneno “Kadenge na mpira” yakawa msemo wa watu wote, pamoja na wasiotazama mpira. Lakini chenga ina maana gani katika hesabu ya safu ya mbele? Mtu mmoja akivutia walinzi wawili, mwenzake mmoja amebaki peke yake. Chenga isiyofuatwa na pasi kwa huyo aliye peke yake ni tamasha tu, nayo imewapotezea watu mabao mengi sana.

Na tutazame sasa mabao yenyewe. Lango lina upana wa meta 7.32 na urefu wa meta 2.44. Kwa mtu aliyesimama katikati, kwenye alama ya penalti, meta 11 kutoka langoni, upana huo wote u wazi mbele yake. Akisogea pembeni lango huzidi kuwa jembamba, hata akiwa karibu na mstari wa goli huona nguzo moja tu na mwili wa mlinda lango. Basi winga aliyefika pale asipige golini kwa tamaa. Na ageuke aurudishe mpira nyuma, chini chini, kuelekea alama ya penalti. Mpira wa namna hii una faida mbili. Kwanza, mabeki wanakimbia kuelekea lango lao wenyewe, hawawezi kugeuka upesi. Pili, mchezaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuhukumiwa kuwa ameotea, hata kama mbele yake hakuna beki ila mlinda lango.

Ili mpira huo uwe na mpokeaji, mafowadi hawapaswi kukimbilia mahali pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja aende nguzo ya karibu, wa pili nguzo ya mbali, na wa tatu azuie mbio zake, asubiri nyuma. Huyu wa tatu ndiye mgumu kufundishwa, kwa kuwa kila kijana hutaka kuwa karibu na goli. Tena sheria haina kosa la kuotea katika mpira wa kurushwa kwa mikono, wala katika kona, na bado timu nyingi hurusha mpira ilimradi uingie uwanjani, bila shauri lolote.

Mvua nayo isisahauliwe. Kakamega hupata mvua nyingi, na mara nyingi huanguka alasiri, saa za mchezo. Nyasi zikilowa mpira huteleza na kumpita mpokeaji. Penye tope husimama ghafula. Timu ya nyumbani iliyozoea kupiga pasi katika hali zote mbili ina silaha ambayo mgeni hana, lakini silaha hiyo haipatikani ikiwa mazoezi huahirishwa kila mawingu yakitanda.

Kabla ya kuamua kununua mtu, basi, kamati ya timu na imweke karani pembeni ya uwanja, mwenye daftari na kalamu, kwa michezo kama kumi hivi. Aandike mambo matatu: mpira uliingia mara ngapi ndani ya eneo la penalti la adui, mikwaju mingapi ilipigwa, na mingapi ililenga lango. Na kila shambulio linapokatika, aandike limekatikia mguuni mwa nani. Ikiwa mikwaju ni mingi na mabao ni machache, wale wanaodai senta-fowadi mpya wamesema kweli, na fedha zitolewe. Ikiwa mikwaju yenyewe ni miwili au mitatu kwa dakika 90, mgeni huyo atasimama mbele akingoja mpira kama alivyongoja mwenzake aliyemtangulia, na baada ya miezi sita atazomewa yeye. Hapo anayetakiwa ni winga, au kiungo mwenye jicho la kuona pasi, na mara nyingi bei yake ni ndogo.

Suala la bei si dogo. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilipoacha kuidhamini ligi, timu nyingi za Kenya zilipata taabu hata ya mishahara. Tena kuna hasara isiyoandikwa katika vitabu vya mweka hazina. Kakamega ni nchi ya shule zenye mpira: Kakamega School, ambayo timu yake huitwa Green Commandos, na Musingu, zimetoa wachezaji kwa miaka mingi. Kila senta-fowadi aletwaye kutoka mbali huchukua nafasi moja, na aghalabu ni ile ambayo kijana aliyemaliza shule angaliingia. Kijana huyo hangoji mwaka wa pili. Huenda Nairobi, akarudi Bukhungu na jezi ya timu nyingine.

Homeboyz yenyewe haikubaki mikono mitupu, kwani mwaka 2023 ilitwaa kombe la shirikisho la mpira la Kenya. Lakini kombe huchezwa kwa mtoano, na katika mtoano bao moja latosha kumwondoa adui. Ligi huhesabu mabao yote, tangu mchezo wa kwanza hadi wa mwisho, na yale mawili yaliyoachwa uwanjani siku ya ushindi wa 1 kwa 0 huhesabiwa pamoja nayo.