Kuomba Msaada kwa Simu Nyumba Isipokuwa Salama

Mwanamke anayepigwa na mumewe pale Uyole hawezi daima kwenda kuomba msaada bila kuonekana. Njiani kuna stendi, kuna wauza viazi, kuna shemeji. Simu humwezesha kuzungumza na mshauri aliye Mbeya mjini au Dar es Salaam pasipo kuvuka kizingiti. Hata hivyo, simu hiyohiyo yaweza kumsaliti.

Tuanze na laini, jambo ambalo watumiaji wengi hulipuuza. Kila laini husajiliwa kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa cha mtu mmoja. Ikiwa yako imesajiliwa kwa jina la mume, yeye ndiye awezaye kuomba kadi mpya ya namba hiyo. Akifanya hivyo, laini iliyo mkononi mwako huzimika, na ujumbe uliotumwa kwako humfikia yeye. Bonyeza *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba yako isipokuwamo, wasiliana na mshauri kwa simu ya mtu unayemwamini.

Namba 116, ya kuwasaidia watoto, na 112, ya dharura ya polisi, hupigwa bure. Bure maana yake ni kwamba salio halipungui. Namba hubaki katika orodha ya simu zilizopigwa. Ifute hiyo peke yake, kwani orodha tupu huzua maswali.

Kwenye WhatsApp, tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, usikimbilie kukiondoa. Anayekufuatilia atatambua papo hapo, na huenda hasira yake ikakukuta ungali ndani. Panga kwanza pa kwenda.

Mtoa huduma naye ana wajibu. Kabla ya kuuliza jina, akuulize kama uko salama kuzungumza. Mkubaliane saa ya kupigiana na neno la siri. Kwa mfano, ukisema viazi vimeshuka bei, ajue kuna mtu ameingia, naye aendeleze habari za viazi. Asikupigie wala kukutumia ujumbe nje ya makubaliano. Kwa maoni yetu, mshauri asiyezingatia hata hilo la mwisho hafai kupewa namba yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wapo watakaokuambia kwamba mume ana haki ya kumrudi mkewe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataa.

Simu haitibu jeraha. Ukiumizwa, fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3, au kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitalini. Aliyebakwa asivuke saa 72 kabla ya kufika hospitali, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya muda huo.