Kabla ya Kumlipia Mtoto Chumba



Wengi wetu tuna watoto wanaosoma sekondari mbali na nyumbani. Tunawapangia chumba Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, wawili watatu pamoja, tunapatana kodi, kisha tunarudi shambani. Mara nyingi tunachouliza ni bei tu. Mwezi huu tujifunze kukagua chumba chenyewe.

Septemba 14, 2020, moto uliunguza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa. Watoto 10 walifariki. Moto wa usiku huwakuta watu usingizini, na moshi huwalegeza kabla miali haijawafikia. Kwa hiyo tuanze na njia ya kutokea.

1. Mlango. Ufunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Mtoto asifungiwe kwa kufuli la nje.

2. Dirisha. Lifunguke. Likiwa na nondo, mlango ndio njia pekee; vitanda na masanduku visiuzibe.

3. Jiko. Usiku wa kwetu una baridi, na watoto huingiza jiko la mkaa ndani wapate joto. Hii ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mgonjwa atolewe nje upesi na kupelekwa hospitali.

4. Taa. Nyaya za umeme zisiwe zimechunika. Koroboi na mshumaa visikae karibu na chandarua.

5. Choo. Tuulize wapangaji wangapi wanakitumia, na kama kuna maji ya kunawa mikono.

Mwenye nyumba akikataa kurekebisha, tusinyamaze. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa Afisa Afya uwezo wa kukagua nyumba na kuagiza marekebisho. Tumuulizie katika ofisi ya kata. Moto ukitokea, tupige simu ya Zimamoto, namba 114.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Nani kati yetu amekiona kwa macho chumba anacholala mtoto wake?

2. Sisi tunaopangisha, je, tungekubali mtoto wetu alale humo?