Dondoo muhimu: Kambare mkubwa, umchukue au umwachie?

Anayevua kambare kwa ndoana Kilombero au Rufiji, akinasa jike zito msimu wa mvua, heri amrudishe majini na kupeleka nyumbani wale wa wastani. Hesabu iko tumboni: mayai huongezeka kadiri mwili unavyokua, na jike wa kilo kadhaa hubeba makumi ya maelfu, ambayo huyataga usiku kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Mgeuze utazame nyuma ya njia ya haja: dume ana kinyama chembamba kilichochongoka, jike ana tundu la mviringo. Tumbo likiwa limetuna na ni laini, jibu umelipata.

Utaambiwa kwamba ukimwachia, mwenye wavu wa ng'ambo atamla. Huenda, lakini usiku mmoja wa kutaga unatosha kukulipa. Mwingine atasema aliyechomwa ndoana atakufa tu. Kambare si sato; juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo huvumilia kukaa nje kidogo. Kinachomuumiza ni mikono mikavu inayokwangua ute, na kuning'inizwa kwa taya. Lowesha mikono, mbebe kwa chini ya tumbo, jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani. Ndoana ikizama kooni, kata mshipi. Hoja ya njaa ni nzito zaidi, wala siibezi: nyumbani pasipo na kitoweo, mchukue. Ila mwenye ndoo iliyokwisha kujaa hana hoja hiyo.